Moshi Mweupe Nyuma ya Kioo

Siku jiko lile lilipoingia nyumbani, Baba alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akainama kuchungulia kioo chake, kisha akajiinua taratibu huku ameshika kiuno.

"Hili si jiko," alisema. "Hili ni bibi harusi. Limewekwa kwenye kona, limevalishwa kioo, halitaki kuguswa, na chakula linachagua."

Jina likashika. Hata Kengele, mjukuu wake ambaye meno ya mbele yalikuwa bado hayajakaa sawa, kila asubuhi alitoa kichwa kwenye blanketi na kuuliza kwa ile sauti iliyompa jina, "Mama mdogo! Bi Halusi ameamka?"

Mama mdogo huyo alikuwa Kitinda. Ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na jina la kitinda mimba lilimganda mpaka ukubwani. Dada zake walipoondoka mmoja mmoja, yeye alibaki na Baba. Dada mkubwa alipopata kazi mji wa mbali, alimwachia Kengele amlelee. Na jiko lilipofika, fundi aliangaza macho chumba kizima, akampita Baba, akamwona Kitinda amesimama kimya mlangoni na mkasi wake wa kukatia nyuzi, akamwambia, "Dada, hili nakukabidhi wewe. Mtu mmoja alishike. Nisisikie kila anayepita anabonyeza."

Baba alisikia vizuri tu, ingawa sikio lake la kushoto lilikuwa limeshachoka. Alitazama pembeni.

Ukweli ni kwamba Baba alikuwa mwoka mikate. Mtaa mzima walimwita Mzee Tanuri, na lile tanuri lake la matofali, lililokuwa likila magogo usiku na mchana, ndilo lililowasomesha watoto wake, kila mmoja mpaka pale alipoishia. Lakini moshi nao ulikuwa ukijichukulia chake pole pole. Kifua kilianza kumpigia filimbi, kisha kikamlaza hospitali, na daktari akasema neno moja tu: moshi basi. Tanuri likafungwa. Ndani ya nyumba hata mkaa ukapigwa marufuku. Na baridi ya kule kwao haikuwa baridi ya mchezo; asubuhi maji ya ndoo yalikuwa yanauma kama sindano. Ndipo dada mkubwa akatuma jiko la vidonge.

Vidonge vyenyewe ni unga wa mbao ulioshindiliwa mpaka ukawa vijiti vifupi, unene wa penseli. Unavimimina kwenye pipa lililo nyuma ya jiko. Ukibonyeza kitufe, parafujo ndefu inazunguka kwa umeme na kuvidondosha kidogo kidogo ndani ya kikombe cha chuma kilicho nyuma ya kioo. Kiwashio kinapata moto, vidonge vinashika, feni inavuta hewa na kuusukuma moshi nje kwa bomba lililotoboa ukuta. Ndani hubaki joto tu, na ulimi wa moto wa manjano unaocheza nyuma ya kioo. Kifua cha Baba kilikuwa hakijapiga filimbi wiki nyingi.

Kitinda alilishika jiko kama alivyoshika mashine yake ya kufumia masweta, kwa kulitazama. Kila asubuhi, likiwa limepoa, alivuta droo ya majivu akayamwaga kwenye ndoo ya bati, akaifunika na kuitoa nje, akaiweka juu ya mawe mbali na ukuta, maana cheche hujificha ndani ya majivu. Akirudi hutoa kikombe, akazibua vitundu vyake kimoja kimoja kwa msumari, akapangusa kioo. Akimaliza yote hayo ndipo anabonyeza.

"Hivi vitundu ndiyo pua zake," fundi alimwambia siku ile, akikipandisha kikombe kwenye mwanga. "Vikiziba, vidonge havitawaka. Vitafukiza tu. Na hapo ndipo nataka unisikilize. Ukiona moshi mweupe umejaa nyuma ya kioo, mzito kama maziwa, na hakuna ulimi wa moto, usifungue mlango. Usifungue hata kama umesahau roho yako humo ndani."

"Ni moshi gani huo?"

"Si moshi, dada. Ni moto ambao haujapata hewa."

"Na nikifungua?"

"Utakuwa umeupa." Fundi alikirudisha kikombe mahali pake, akakizungusha mpaka kikakaa. "Acha umeme uwake, feni iendelee kuuvuta. Toa watu. Halafu nipigie."

Kitinda alilibeba neno hilo moyoni kama mtu aliyebeba yai. Alimweleza Baba jioni hiyohiyo, wakati wa chai. Baba akasema, "Mmh." Kesho yake akamweleza tena, kwa upole zaidi.

"Kitinda," Baba alijibu, "mimi na moto tumelala chumba kimoja miaka yote ile mpaka marehemu mama yako akaona wivu. Leo aje kijana na bisibisi anifundishe moto?"

"Si wewe, Baba. Ni hili jiko, si kama tanuri."

"Moto ni moto."

Kitinda akarudi kwenye mashine yake. Angemwambiaje? Mzazi humwamrishi. Unamdokeza, ukiona hakusikia unadokeza tena, kisha unaomba Mungu. Ndivyo alivyolelewa. Akabaki na woga wake, na macho yake.

Macho hayo, siku za karibuni, yalikuwa yameona mambo yasiyompendeza. Ulimi wa moto ulikuwa umebadilika. Haukuwa tena wa manjano na mchangamfu. Ulikuwa mwekundu, mvivu, unajikokota kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kioo kilikuwa kinashika masizi kabla ya mchana. Na vidonge vya magunia mapya vilikuwa na ungaunga mwingi. Alimpigia fundi. Fundi akasema bomba linataka kupigwa brashi, atapita mwisho wa wiki, na kwa sasa kikombe kisafishwe vizuri sana kabla ya kuwasha, asiruke hata siku moja.

Hakuruka. Asubuhi ile alikuwa katikati ya kazi tu.

Alikuwa ameshavuta droo, amemwaga majivu, ametoka nje na ndoo. Kikombe alikiacha ndani ya jiko, na vitundu vyake vimeziba, akijua anarudi sasa hivi. Mlango wa kioo aliufunga. Baba alikuwa bado chumbani anakohoa, Kengele amejikunja ndani ya blanketi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya paa za jirani. Kitinda aliiweka ndoo juu ya mawe, akabana mfuniko, na alipoinuka akamkuta Mama Pacha uani.

Mama Pacha, jirani yao, alikuwa na mapacha wawili shuleni na maneno ya watu kumi.

"Wee Kitinda! Masweta ya wanangu yako wapi? Au umewafumia watoto wa mama mwingine, mimi nikibaki hapa natoa macho?"

"Yako tayari, dada. Bado vifungo tu."

"Vifungo! Juzi ilikuwa mikono, jana kola, leo vifungo. Kesho utaniambia umesahau tundu la kichwa."

Kitinda alicheka. "Ingia basi uyaone."

"Nisiingie, viatu vina matope, halafu baba yako anitazame vile. Nisubiri hapa nikuletee uzi ule wa buluu, uliozidi..." Mama Pacha alisimama katikati ya neno. Alikuwa anatazama juu ya bega la Kitinda, ukutani. "Bibi harusi wenu leo anapika nini? Mbona amejaza moshi hivyo?"

Kitinda aligeuka.

Bomba la jiko, lile ambalo siku zote ungelitazama na usione kitu ila hewa inayotetemeka, lilikuwa linatapika moshi mweupe mnene. Haukupaa. Ulikuwa unatoka na kushuka, unalamba ukuta, unatambaa chini kwenye nyasi.

Akakimbia.

Nini kilikuwa kimetokea ndani, alikuja kukijua baadaye, kwa vipande. Kengele alikuwa ameamka na kusema, "Babu, baridi." Hilo tu. Baba aliposikia droo ikisukumwa na mlango wa nyuma ukifungwa, alidhani usafi umekwisha. Akajifunga koti, akamtandikia mjukuu blanketi kwenye mkeka mbele ya jiko, pale anapopenda kukaa, akabonyeza kitufe. Vidonge vikadondoka, havikuwaka. Jiko likalia kama lilivyofundishwa kulia, likazima. Akabonyeza tena. Vikadondoka vingine juu ya vile vya kwanza. Sasa kule kwenye tanuri, moto ukiwa mzito, mwoka mikate hufanya mambo mawili, na mikono ya Baba ilikuwa imeyafanya tangu ujana. La kwanza ni kuukaribisha: unatupa konzi ya maranda juu ya kuni, moto upate cha kutafuna. Basi alifungua mlango wa kioo, akachota konzi nzima ya vidonge kutoka pipani, akakijaza kikombe mpaka kikafurika. Akafunga. Akabonyeza kwa mara nyingine.

La pili ni kuupa pumzi. Unafungua mlango wa tanuri, unainamisha uso, unapuliza.

Kitinda alipofika mlangoni aliona mgongo wa Baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiwiko juu ya goti, mkono wa kulia umeshika mkono wa mlango wa jiko, ule wa chuma wa kuchomeka na kuchomoa. Kando yake, karibu kabisa, Kengele amekaa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Na mbele yao kioo kilikuwa cheupe. Hapakuonekana kikombe. Hapakuonekana moto. Palikuwa na weupe tu, unaojizungusha pole pole ndani, kama kitu kinachotafuta pa kutokea.

"Baba," alisema.

Lilikuwa sikio la kushoto. Hakusikia.

Alitaka kupiga kelele, akajizuia, maana aliuona mkono ule. Mtu akishtuliwa hukaza mkono. Akiukaza, mlango unafunguka. Alipiga hatua juu ya vidole vya miguu, kama mtu anayemnyatia kuku. Aliisikia feni ikihema. Alisikia parafujo inageuka, krr, krr, bado inadondosha vidonge juu ya kilima kile.

Kengele alimwona. "Mama mdogo! Bi Halusi amevaa shela!"

"Ndiyo, mama," Kitinda alisema kwa sauti ambayo hakuijua. "Njoo kwangu. Njoo pole pole."

"Sitaki. Babu anampuliza."

Baba alitabasamu bila kugeuka. "Umerudi? Huyu mtoto wa watu hana pumzi tu. Ngoja nimpe kidogo." Na akainamisha uso, mashavu yakajaa hewa, na mkono ukaanza kupanda.

Uzi mwembamba wa moshi ulichomoza kwenye ukingo wa mlango.

Kitinda hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alijikuta amelishika koti la Baba kwenye ukosi kwa mikono miwili, na anavuta, anavuta kama anavyovutwa mbuzi asiyetaka kwenda. Kigoda kikapinduka. Baba akaanguka chali juu ya miguu yake, mkono wa mlango ukachomoka kwenye tundu lake na kubaki kiganjani mwake. Komeo likarudi mahali pake, ta! Ule uzi wa moshi ukakatika.

"Kitinda!"

"Simama, Baba. Simama twende nje."

"Umepagawa? Unanivuta mimi? Mimi?"

"Simama!"

Hakuwahi kumpigia baba yake kelele tangu azaliwe. Sauti ilipotoka, wote watatu waliiogopa. Kengele akaanza kulia. Kitinda alimwinua kwa mkono mmoja, blanketi likabaki mkekani, na kwa mkono mwingine alikuwa bado amelishika koti. Baba aliinuka akiwa ameinama hivyohivyo, viatu vimemvuka, akiburutwa mbele ya mjukuu wake, na kifua kikaanza ile filimbi. Ukumbi ule mdogo, ambao kila siku Kitinda aliuvuka bila kuuona, siku hiyo haukuisha. Mgongo wake ulikuwa unawasha. Ulikuwa unangoja kishindo.

Uani Mama Pacha alikuwa anakuja mbio na ndoo ya maji, nusu imeshamwagika miguuni. "Ni moto? Ni moto? Nimwage wapi?"

"Usimwage! Usiingie!"

"Basi nikachomoe waya! Swichi iko wapi, ile ya jikoni?" Na mwanamke yule, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anaogopa kuingia na matope, alikuwa ameshakanyaga kizingiti.

Kitinda alimtua Kengele chini, akamrukia jirani, akamkumbatia kiunoni kwa nyuma. "Ukichomoa feni itazima! Feni ndiyo inayoutoa ule moshi! Ukizima utabaki wote ndani!"

"Sasa tufanye nini?"

"Hatufanyi kitu."

"Hatufanyi kitu? Nyumba inaungua, hatufanyi kitu?"

"Tunasimama hapa."

Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kukimbia kulikuwa na kazi yake, kuvuta kulikuwa na kazi yake. Kusimama kwenye nyasi zenye umande na kulitazama dirisha la nyumba yako mwenyewe, huku mikono haina cha kushika, ni kitu kingine. Walirudi nyuma mpaka kwenye uzio. Kengele alijichimbia kwenye sketi yake. Bomba liliendelea kutapika. Kitinda alitoa simu, akabonyeza jina la mtu mwingine, akakata, akabonyeza tena.

Fundi alimsikiliza, na sauti yake ikabadilika. "Mko nje wote?"

"Wote."

"Mlango wa jiko umefungwa?"

"Nadhani. Umefungwa. Nilisikia komeo."

"Basi msirudi. Msirudi kwa chochote. Nakuja."

"Anasemaje?" Baba aliuliza. Alikuwa amesimama bila viatu, nywele zake nyeupe zimesimama, na ukosi wa koti umechanika. Hasira ilikuwa bado haijamtoka. "Anasema nini huyo kijana? Moshi kidogo tu. Mimi nimeona moshi ambao usingeuona mkono wako mwenyewe. Naingia kuchukua viatu vyangu."

"Huingii, Baba."

"Nani anasema?"

Kitinda alisimama mbele yake. Alikuwa mfupi kwake, kichwa chake kilifika kifuani tu, kwenye ile filimbi. Baba alimtazama, akaangalia dirisha juu ya kichwa chake, akapiga hatua ya pembeni ili ampite.

Ndipo dirisha likageuka rangi.

Liling'aa rangi ya chungwa, papo hapo, kama mtu aliyewasha taa ndani. Kisha sauti ikaja. Haikuwa kubwa kama walivyokuja kusimulia mtaani. Ilikuwa nzito. Duf! Kama gunia la unga linaloangushwa kutoka juu ya paa. Vioo vya dirisha vilitetemeka kwenye mbao zake, bomba likakohoa bonge jeusi la masizi mpaka kwenye kamba ya nguo, na ndani kitu cha bati kikagonga ukuta, kikaanguka, kikazunguka sakafuni, kikatulia.

Halafu kimya. Hata Kengele aliacha kulia.

Mama Pacha ndiye aliyeanza. "Ewe Mola," alisema, akakaa chini palepale kwenye nyasi, na ndoo yake mapajani.

Kitinda alisogea dirishani peke yake, mgongo umebanwa na ukuta, akachungulia kwa jicho moja. Chumba kilikuwa kimejaa vumbi jeusi linaloelea. Mfuniko wa pipa la vidonge ulikuwa umeruka mpaka chini ya meza. Kioo cha jiko kilikuwa kimepasuka toka pembe hadi pembe. Kingali ndani ya fremu, ila kipande kimoja cha kona kilikuwa kimetoka. Nyuma yake moto ulikuwa unawaka sasa, moto mkubwa wa manjano, umechangamka. Kile kipande kilikuwa mkekani. Kilikuwa kimeangukia blanketi la Kengele, na blanketi lilikuwa linafuka, tundu linapanuka pole pole, kingo zake nyekundu. Kisha likaacha lenyewe.

Hakujua kwamba Baba alikuwa amekuja kusimama nyuma yake, mpaka alipoisikia filimbi. Alichungulia yeye pia. Aliangalia kigoda kilichopinduka. Aliangalia blanketi. Alilitazama lile blanketi muda mrefu sana.

"Alikuwa amekaa pale," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Mimi ndiye niliyemtandikia."

Kitinda alimshika kiwiko kumrudisha kwenye uzio, na vidole vya Baba vilikuwa bado vimekikamata kile chuma cha mlango wa jiko.

Walingoja. Feni iliendelea kuhema. Moshi wa bomba ulipungua, ukawa mwembamba, ukaisha. Mama Pacha alikwenda kwake akarudi na makoti, kandambili za mume wake na uji wa mapacha. Alimvisha Baba zile kandambili kwa mikono yake, kama anavyovishwa mtoto, na Baba akakubali.

"Ulinishika kama gunia la unga," Baba alisema baadaye, akitazama uji.

"Nisamehe, Baba."

"Nimekwambia uombe msamaha? Nasema ulinishika kama gunia." Akanywa, akaweka kikombe chini. "Mbona hukunishika siku ile ya chai?"

Kitinda aliangalia vidole vyake vyenye masizi. Kwamba siku ile aliogopa kumkosea adabu. Kwamba leo alikuwa amebakiza pumzi moja tu achelewe. Hayo hayasemeki kwa baba mzazi mbele ya jirani.

Fundi alifika akiwa na begi lake na uso wa mtu aliyeendesha bila kupumua. Aliingia kwanza peke yake, akafungua madirisha yote, akakaa humo mpaka moto ulipokula vidonge vyote na kufa, kisha akangoja chuma kipoe. Alipowaita, Kitinda aliingia. Baba alibaki kizingitini.

"Mzee, niletee huo mkono wa mlango. Nifungue nione kikombe."

Baba hakusogea. "Limepoa?"

"Limepoa."

"Umeligusa?"

"Nimeligusa, Mzee."

"Gusa tena, nikuone."

Fundi alibandika kiganja juu ya jiko, akakiacha hapo. Hakucheka. Baba alimtazama, akamtazama Kitinda, kisha akamtupia fundi kile chuma kutoka palepale mlangoni, na fundi alipokichomeka na kukizungusha, Mzee Tanuri, aliyelala na moto chumba kimoja ujana wake wote, alirudi nyuma hatua nzima na kuufunika uso kwa mkono.

Kikombe kilitoka kimejaa kaa jeusi lililoshikamana kama kiazi kilichoungua. Vitundu havikuonekana; moto ulikuwa umefukuta chini ya hilo kaa mpaka ukatokeza juu na kuudaka moshi wote kwa mpigo. Fundi alikiweka juu ya gazeti, akaleta kioo cha mkono akachungulia bomba, akatikisa kichwa, akatoa brashi. Masizi yalitoka kwa makopo. Alisema kioo kitaagizwa, ukanda wa mlango utabadilishwa, na hayo magunia ya vidonge vyenye unga yaondolewe. Mpaka hapo jiko halitawashwa. Alichomoa waya mwenyewe, akaukunja, akautia ndani ya begi lake na kuondoka nao.

Jioni baridi iliingia mapema. Walivaa yale masweta ya shule ya mapacha yaliyokuwa yakisubiri vifungo. La Baba lilimfika kwenye viwiko, na siku nyingine Kitinda angecheka mpaka ashike mbavu. Alipika kwa umeme jikoni, wakala. Chumba kilikuwa kinanuka masizi bado. Jiko lilikuwa kwenye kona yake, limefunguliwa tumbo, tupu, halina hata chembe ya kidonge, halina waya.

Kengele alimaliza kula kwanza. Alishuka kwenye kiti, akaburuta lile blanketi lenye tundu, akalitandika mkekani, akainama mbele ya jiko kuchungulia ndani yake. "Bi Halusi," aliita, "umelala?"

"Toka hapo!"

Baba na Kitinda walikuwa wamesimama wote wawili. Kiti cha Baba kilikuwa kimeanguka nyuma yake. Mtoto aligeuka kuwatazama, mdomo wazi, kisha uso wake ukakunjamana, na ile sauti yake ikajaa nyumba nzima. Kitinda alimkimbilia, akamwinua, akambeba mbali na lile jiko la baridi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia mtoto kwamba jiko halina kitu.